Kanisa la Waagostino, Mombasa: 1597–1698

Mwaka 1597, Ngome ya Yesu (Fort Jesus) ya Wareno ikiwa bado mpya, watawa wa Mtakatifu Agostino walifika Mombasa kutoka Goa, India, wakajenga konventi na kanisa lao mjini, nje ya ngome. Waumini walikuwa Wareno na jamaa zao, pamoja na wenyeji waliobatizwa. Askari walikuwa na kanisa lao ndani ya kuta.

Aliyekuja kulivunja alilelewa nalo. Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno, na mwanawe Yusuf, akingali mtoto, akapelekwa Goa. Huko Waagostino walimsomesha, wakambatiza Dom Jerónimo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Alikuta kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, ndiye mwenye amri, na heshima ya kifalme hakupewa. Kisha ikavuma kwamba alikuwa akienda kaburini kwa babake kusali Kiislamu.

Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake akamuua kapteni. Wakristo wa mjini wakakimbilia konventi. Hawakusalimika: mapadri, wanawake na watoto waliuawa, na pamoja na Wareno wakafa wenyeji waliokataa kuikana imani. Hawa wa mwisho wananigusa kuliko wote. Ngome haikuwa yao, Goa hawakuwa na ndugu, na mlango wa kurudi katika dini ya jamaa zao ulikuwa wazi. Walibaki. Mwaka 1632 ushahidi ulikusanywa Goa ili watangazwe wafiadini.

Yusuf aliiacha ngome mwaka huohuo, Wareno wakarudi, na kanisa likaendelea chini ya ulinzi wao. Machi 1696 Waomani wakaizingira Mombasa. Njaa na tauni ziliwamaliza waliojifungia ngomeni, na tarehe 13 Desemba 1698 ngome ikaanguka. Parokia ikaisha nayo. Wareno walirudi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Leo mgeni wa Fort Jesus huonyeshwa msingi wa kanisa la askari uani.

Naamini kilichokosekana si ujasiri wa waumini. Kanisa lile lilifungamana mno na bunduki za ngome, na aliyeichukia ngome alilichukia kanisa.

Huku kwetu Songwe mambo yalikwenda vingine, ingawa nako wamisionari walikuja kivulini mwa dola. Traugott Bachmann, Mmoravian Mjerumani, alifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, akajifunza Kinyiha na kutafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka nchi, wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Walimu na wazee Wanyiha wakaendelea na ibada, na usharika wa Mbozi upo hadi leo.