Heroini ilipokuwa dawa ya kikohozi

Kohoa mara tatu mbele ya watu wa nyumbani uone. Mmoja atakuambia asali na limau, mwingine tangawizi, wa tatu atakuchemshia majani ya mkaratusi ujifukize. Jirani naye atasema hayo ni mambo ya kizamani, nenda duka la dawa ukanunue dawa ya maji. Hapo ubishi unaanza: ya asili au ya dukani? Hebu leo tuupeleke ubishi huu kwenye historia, maana historia ya dawa za kikohozi ina mambo, na mengine yaliua watu.

Kwanza tuelewane kuhusu kikohozi chenyewe. Kikohozi ni mlinzi. Neva za kooni na kwenye njia za hewa zikihisi vumbi, makohozi au uvimbe, hupeleka taarifa sehemu ya chini ya ubongo, kisha misuli ya kifua na tumbo inasukuma hewa nje kwa kishindo. Kwa hiyo dawa ya kikohozi ina njia tatu za kukusaidia: kulainisha koo, kulegeza makohozi, au kuuzuia ubongo usitoe amri ya kukohoa. Zishike hizo tatu, tutazirudia.

Njia ya kwanza ni kongwe mno. Kwenye mafunjo ya Ebers, maandishi ya tiba yaliyoandikwa Misri yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, kuna dawa za kikohozi, na asali ni kati ya viungo vinavyotajwa mara nyingi katika maandishi hayo. Ukiilamba asali, inapaka koo utando mzito, mwasho unapungua, nawe unapumzika. Haiponyi mafua wala haiui virusi. Inakupa nafuu wakati mwili wako unapigana vita yake.

Njia ya pili nayo imetoka shambani. Huko India, majani ya kichaka kiitwacho vasaka yametumika kwa magonjwa ya kifua kwa karne nyingi. Wanakemia walipoyachunguza walikuta kemikali iitwayo vasisini, na kutokana nayo ikatengenezwa bromuheksini, dawa ya kulegeza makohozi iliyoanza kuuzwa miaka ya 1960 na ambayo mpaka leo imo kwenye dawa nyingi za maji. Unaona? Jirani yako anaposema "achana na majani", huenda chupa aliyoishika ilianzia kwenye jani.

Sasa njia ya tatu. Hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Karne ya 19 kifua kikuu kilikuwa kati ya wauaji wakubwa barani Ulaya. Robert Koch alimgundua bakteria wake mwaka 1882, lakini kumjua adui si kuwa na silaha. Dawa ya kumuua haikuwepo. Daktari alichoweza ni kumpa mgonjwa usingizi. Alitumia afyuni na vitu vilivyotokana nayo: mofini, kisha kodeini, iliyopatikana Ufaransa mwaka 1832. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaleta sokoni dawa mpya ya kikohozi, ikaiita Heroin. Ndiyo, heroini hiyohiyo unayoijua. Iliuzwa waziwazi, na wengi waliamini ni salama kuliko zilizoitangulia.

Na kweli ilizima kikohozi! Tatizo ni kwamba ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini, na huko inafika kwenye ubongo haraka zaidi. Watu wakawa watumwa wake. Mwaka 1924 Marekani ikapiga marufuku kuitengeneza. Jambo la kutisha zaidi ni hili: kwa mgonjwa wa kifua kikuu, ukimya ule haukuwa kupona. Bakteria waliendelea kula mapafu taratibu, mlinzi kafungwa mdomo.

Kodeini ilibaki. Nayo hugeuzwa kuwa mofini, safari hii na ini, ila kasi inatofautiana mtu na mtu kwa sababu ya jeni. Baadhi yetu tunaigeuza haraka kupita kiasi, na watu wa namna hiyo ni wengi kiasi Ethiopia. Kwa mtoto mwenye jeni hizo, kipimo cha kawaida kinaweza kuzima kikohozi na pumzi pamoja. Ndiyo maana mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema isitumike kwa kikohozi cha watoto walio chini ya miaka 12.

Na asali je? Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio la watoto 105 wenye kikohozi cha usiku. Wengine walipewa asali, wengine dawa ya dukani ya kuzuia kikohozi, wengine hawakupewa kitu. Waliopewa asali ndio waliopata nafuu kubwa zaidi kwa maelezo ya wazazi wao, na dawa ya dukani haikuweza kuizidi. Lakini usimpe asali mtoto chini ya mwaka mmoja, hata tone. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya kupoozesha kwenye utumbo wake mchanga.

Usidhani basi kwamba cha asili ni salama daima. Mvuke wa moto umewaunguza watoto wengi, na mafuta ya mkaratusi yakimezwa ni sumu. Halafu mkaratusi wenyewe ni mgeni kutoka Australia. Kenya uliletwa mwaka 1902 ili upatikane kuni za reli. Yaani hapo Kenya, jani letu "la asili" lilifika baada ya heroini kuingia madukani Ujerumani.

Dukani nako si kila chupa ni salama. Mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walikufa Gambia, na Shirika la Afya Duniani likazihusisha dawa za maji zilizochanganyika na kemikali za viwandani zinazoharibu figo. Dawa ya maji ya mtoto inunuliwe duka lililosajiliwa, si kwa mchuuzi.

Kwa hiyo ubishi wa asili na dukani unatupotezea muda. Swali la maana ni moja: kikohozi hiki kinatoka wapi? Cha mafua kitapita, asali na chai ya tangawizi vinatosha. Kikifika wiki mbili, au ukikohoa damu, ukitokwa jasho usiku, ukikonda, weka kijiko chini ukapime makohozi. Kwenye vituo vya serikali Tanzania na Kenya, kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure. Na mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani akipumua hapaswi kusubiri hata kesho.

Wagonjwa wa mwaka 1898 walinyamazishwa kwa kuwa hapakuwa na dawa ya kuwaponya. Wewe unayo.