Radi Mbili za Mwaka 1991

Walikuwa wanaume sita chini ya mti mmoja. Ilikuwa Alhamisi, Juni 13, 1991, katika uwanja wa gofu wa Hazeltine mjini Chaska, jimbo la Minnesota, siku ya kwanza ya mashindano ya U.S. Open. Mvua ilianza kumwagika, nao wakafanya kile ambacho mtu yeyote aliyenyeshewa mbali na nyumba angefanya: wakatafuta penye majani. Karibu na mahali pa kuanzia shimo la 11 palikuwa na mti wa willow. Radi ilipopiga, wote sita walianguka. Watano walipona. Wa sita, kijana wa miaka 27, alifariki dunia.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na fimbo ya gofu mkononi. Wote walikuwa watazamaji.

Kutazama gofu si kama kutazama soka. Mtazamaji wa soka huketi, na mchezo wote uko mbele ya macho yake. Wa gofu hutembea. Mashimo 18 yametawanyika juu ya vilima na kando ya mabwawa, na anayetaka kumfuata mchezaji wake tangu la kwanza hadi la mwisho atakuwa amekata kilomita nane au kumi kabla jua halijatua. Majukwaa yapo machache, mengi yakiwa hayana paa. Katika siku ya mashindano makubwa, makumi ya maelfu ya watu huwa wamesambaa uwanjani, na wingu jeusi likitokea, wa kwanza kushughulikiwa ni wachezaji. Tangu zamani kanuni za mchezo humruhusu mchezaji kuweka fimbo chini akiamini kuna hatari ya radi, bila kumwomba mtu ruhusa. Mchezo ukisimamishwa, gari huja kumchukua. Mtazamaji hubaki na miguu yake na mwavuli wake, na jengo la karibu huenda liko mashimo matano nyuma.

Hazeltine yenyewe haikuwa ngeni kwa misukosuko. Mashindano haya yalifanyika hapo mwaka 1970, na mchezaji aitwaye Dave Hill, mtu asiyejua kufunga mdomo, alipoulizwa uwanja umekosa nini akajibu kwamba umekosa shamba la mahindi na ng'ombe wachache. Wakubwa wa gofu walimtoza faini ya dola 150. Hill alimaliza wa pili, mikwaju saba nyuma ya Mwingereza Tony Jacklin, na watazamaji wengine wakawa wanamlilia kama ng'ombe akipita. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha macho ya wasimamizi yalikuwa yameelekezwa wapi siku hizo. Mdomo wa mchezaji ulikuwa na bei yake kwenye vitabu. Kichwa cha mtazamaji kilikuwa bado hakijaandikwa popote.

Si kwamba radi haikujulikana. Mwaka 1975, katika mashindano ya Western Open karibu na Chicago, Lee Trevino alikuwa ameegemea mfuko wake wa fimbo kando ya bwawa akisubiri mvua ipungue. Radi ikapiga, umeme ukampitia mgongoni. Wenzake wawili, Jerry Heard na Bobby Nichols, nao walipigwa siku hiyohiyo. Wote waliishi, ingawa Trevino alilazimika kufanyiwa upasuaji wa mgongo na maumivu hayakumwacha kabisa. Akageuza mkasa kuwa mzaha: siku ya radi, alisema, inua juu fimbo namba moja, kwa kuwa fimbo hiyo hata Mungu haiwezi. Ulimwengu wa gofu ulicheka, na unacheka hadi leo. Lakini Trevino alikuwa mchezaji. Kwa mchezaji, watu waliona kwamba kuna jambo la kushughulikia.

Hapa yafaa kueleza kwa nini mti ni mahali pabaya, maana wengi wetu tulifundishwa utotoni kuukimbia bila kuambiwa sababu. Radi ikitua juu ya mti, umeme hushuka kwenye shina ukitafuta ardhi. Mwili wa binadamu, uliojaa maji na chumvi, huupitisha umeme vizuri kuliko ubao, hivyo sehemu ya umeme huliruka shina na kumwingia aliyesimama karibu. Nyingine hufika chini na kusambaa ardhini kama maji yaliyomwagwa, ikapanda kwa mguu mmoja na kutoka kwa mwingine. Ndiyo maana mti mmoja unaweza kuangusha watu sita kwa pigo moja. Anayekufa mara nyingi hufa kwa moyo kusimama, na moyo uliosimama unaweza kuamshwa kwa kukandamizwa kifua mapema. Aliyepigwa hana umeme uliobaki mwilini. Kumgusa hakuna hatari yoyote. Wasomaji wa Kisii, au wa Kabare kule jirani na Bukavu, ambako setilaiti zimehesabu radi nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, wanayajua madhara haya bila kusimuliwa. Kwao mjadala huwa ni nani aliyeituma radi. Kule Minnesota mjadala ulikuwa nani alipaswa kuwaondoa watu.

Mashindano yaliendelea. Payne Stewart, aliyejulikana kwa suruali zake fupi za kufungwa chini ya goti na kofia bapa za mtindo wa kizamani, alikuwa ametoka kukaa nje wiki kumi kwa sababu ya shingo iliyoumia. Hadi Jumapili jioni alikuwa sawa na Scott Simpson kwa mikwaju 282. Siku hizo sare ya U.S. Open iliamuliwa kwa raundi nzima ya mashimo 18, kwa hiyo Jumatatu wakarudi wawili hao peke yao. Simpson alikuwa mbele kwa mikwaju miwili yakiwa yamebaki mashimo matatu, kama alivyokuwa jana yake, na kama jana yake akaiacha iteleze. Stewart 75, Simpson 77. Haikuwa gofu ya kupendeza, ila kombe ni kombe.

Miezi miwili ikapita.

Mashindano ya PGA Championship ya mwaka huo yalipangwa kuanza Alhamisi, Agosti 8, katika uwanja wa Crooked Stick, mji wa Carmel, jimbo la Indiana. Pete Dye aliusanifu uwanja huo, na ulikuwa mrefu kwa vipimo vya wakati ule, zaidi ya yadi 7,200. Nick Price wa Zimbabwe alijitoa usiku wa kuamkia mashindano kwa kuwa mkewe alikuwa karibu kujifungua. Wachezaji wa akiba wakaanza kutafutwa kwa zamu. Wa kwanza hakupatikana au hakutaka, wa pili vivyo hivyo, hadi zamu ikamfikia wa tisa: John Daly, miaka 25, aliyekulia Arkansas, mwili mnene, nywele za manjano, jina ambalo watazamaji wengi hawakuwahi kulisikia. Daly hakusubiri uhakika. Aliwasha gari Memphis na kuendesha karibu usiku mzima, na alipofika akakuta nafasi ni yake. Hakuwa amelipiga shimo hata moja la uwanja ule. Kedi wa Price, Jeff Medlen, alikuwa amebaki bila bwana wa kumbebea fimbo, akaubeba mfuko wa Daly.

Kilichofuata bado husimuliwa vilabuni. Mitaro ya mchanga ambayo Dye aliichimba ili wapigaji wakubwa waingiwe na hofu, Daly aliirusha mipira juu yake kana kwamba haipo. Mwaka huo mikwaju yake ya kuanzia ilikwenda wastani wa karibu yadi 289, mbali kuliko ya mwenzake yeyote. Falsafa yake ilikuwa fupi: shika, charaza. Akaandika 69, 67, 69 na 71, jumla 276, mikwaju mitatu mbele ya Bruce Lietzke. Watu walimpenda kwa sababu alifanana nao. Mtu wa akiba, bila mazoezi, bila adabu za klabu, ameingia kwa mlango wa nyuma na kutoka na kombe.

Lakini Alhamisi ile, alipokuwa anaanza kujulikana, dhoruba ilipita Carmel. Mchezo ulisimamishwa. Mtazamaji mmoja mwenye miaka 39, baba wa mabinti wawili wadogo, akaondoka uwanjani kuelekea gari lake. Alikuwa anafanya jambo sahihi kabisa: gari lililofungwa, lenye paa la chuma, ni mahali salama wakati wa radi, kwa kuwa umeme hupita juu ya bati na kushuka ardhini bila kumgusa aliye ndani. Hakulifikia. Radi ilimpiga akiwa bado kwenye maegesho, akafa.

Msiba wa pili katika miezi miwili, katika mashindano mawili kati ya manne makubwa zaidi ya mchezo huu. Daly alipokabidhiwa zawadi ya ushindi, dola 230,000, alitoa dola 30,000 kwa familia ya marehemu. Mtu huyu hakuwa tajiri. Hundi ile ndiyo ilikuwa utajiri wake wa kwanza. Hakuwa amemjua marehemu. Fedha ziliwekwa kwa ajili ya elimu ya mabinti wale, na miaka ilipotimia zikawasaidia kusoma chuo kikuu.

Ningependa kuiacha picha ya Daly hapo, lakini haikukaa hapo. Mwaka 1993, katika onyesho la mbwembwe mjini Portland, Oregon, aliupiga mpira kwa nguvu zote ukapita juu ya vichwa vya watu waliokuwa wameketi jukwaani. Mwaka huohuo, huko Hawaii, alijiokotea mpira na kuondoka kabla raundi haijaisha, akafungiwa. Mwaka 1994, mjini Akron, mipira yake iliwafikia wachezaji waliomtangulia kabla hawajaondoka njiani, na mambo yakaishia kwa kushikana mwilini na baba wa mmoja wao, mzee wa miaka zaidi ya 60. Mwaka uliofuata akashinda mashindano ya The Open pale St Andrews. Na alichofanya Portland si mzaha: mpira wa gofu ni mgumu kama jiwe na mchezaji wa kulipwa huurusha kwa kasi inayozidi ya karibu gari lolote barabarani. Mwaka 2018 karibu na Paris, katika mashindano ya Ryder Cup, mpira wa Brooks Koepka ulimpiga mtazamaji na kumharibia jicho, tena Koepka hakuwa akifanya mchezo wowote wa kipuuzi. Kwa hiyo Daly wa Carmel na Daly wa Portland ni mtu mmoja, na sioni haja ya kumchagua mmoja tukamficha mwingine. Aliyeguswa na kifo cha mtazamaji alikuwa na uwezo pia wa kumsahau mtazamaji kabisa akiwa na fimbo mkononi na kelele masikioni.

Vifo vya 1991 viliwahamisha wasimamizi kutoka kwenye mazoea. Leo mtabiri wa hali ya hewa huandamana na mashindano makubwa ya Marekani, akitazama mitambo inayonasa radi ikiwa bado kilomita nyingi mbali. Onyo huonekana kwenye mbao za matokeo na kwenye simu za watu. King'ora kikilia mlio mmoja mrefu, mchezaji lazima aache hapo hapo, hata kama mpira umebaki shubiri moja kutoka shimoni. Akiupiga, anaadhibiwa. Watu wa kawaida nao walifundishwa hesabu rahisi: kati ya mwanga na ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya sekunde 30, ingia ndani, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ila angalia hesabu hiyo inamdai nani. Mchezaji asiyetii king'ora ana adhabu. Mtazamaji asiyetii hana, na wala hakuna gari linalomsubiri. King'ora humwambia aondoke, bila kumwambia paa liko wapi. Na kuna tatizo la zamani zaidi kuliko gofu: radi huja pamoja na mvua, na binadamu hukimbia mvua kwanza. Mvua anaihisi shingoni sasa hivi. Radi ni jambo la labda.

Jumamosi, Agosti 24, 2019, uwanja wa East Lake, Atlanta, raundi ya tatu ya mashindano ya Tour Championship. Wingu lilikuja, mitambo ikaliona, mchezo ukasimamishwa na wachezaji wakaondolewa. Ilikuwa imepita kama nusu saa, mvua ikinyesha, na baadhi ya watazamaji walikuwa wamejibanza karibu na msonobari mrefu. Radi ikaupiga kileleni na kuubambua gome hadi chini, vipande vikiruka huku na huko. Watu sita walijeruhiwa, mmoja wao mtoto. Walipelekwa hospitali, wote wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Jumapili asubuhi wachezaji walirudi kumalizia raundi ya Jumamosi, na jioni Rory McIlroy akaondoka na dola milioni 15. Watazamaji nao walikuwa wamerudi, wakipita kando ya msonobari uliobaki umesimama, shina lake jeupe.