Elimu ya Udongo katika Nchi ya Chai: Mafunzo na Lugha Yake, Kericho na Bomet

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi elimu ya udongo ilivyofundishwa na kuenezwa katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet tangu zama za ukoloni hadi siku zetu. Swali tunalojiuliza ni jepesi kulitamka, wala si jepesi kulijibu: ni nani aliyepata nafasi ya kujifunza habari za udongo, na alifundishwa kwa lugha gani? Huenda msomaji akashangaa kuona suala la kilimo likijadiliwa katika jarida la lugha. Maoni yetu ni kwamba elimu hii ilichelewa kumfikia mkulima kwa sababu mbili zilizofungamana: kwanza milango ya vyuo ilifungwa kwa rangi, na ilipofunguliwa ikabaki imefungwa kwa lugha.

Yafaa ieleweke kwamba Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho hadi mwaka 1992, ilipofanywa wilaya ya peke yake. Na tangu 2013 ni kaunti. Kwa hiyo historia ya mafunzo ya Bomet haitenganishwi na ile ya Kericho.

Mahame ndani ya mashamba ya chai

Tuanze na jambo ambalo kila mtaalamu wa chai wa Kericho hulifahamu. Mchai hupenda udongo wenye tindikali; kipimo chake cha pH kiwe yapata 4.5 hadi 5.5. Udongo mwekundu wenye kina wa nyanda hizi, uliotokana na miamba ya volkano na kunyeshewa na mvua nyingi, una sifa hiyo. Hata hivyo, katikati ya shamba lililostawi huonekana kiraka ambamo miche hugeuka manjano, hudumaa, na mwisho hufa. Ukipima udongo wa hapo utakuta tindikali imepungua, ilhali kalsiamu na potasiamu zimezidi. Sababu yake si ugonjwa. Hapo palikuwa na nyumba au zizi la ng'ombe. Majivu ya meko na samadi ya miaka mingi vimebadili udongo, na mabadiliko hayo hudumu muda mrefu baada ya nyumba yenyewe kutoweka. Watafiti hushauri kutia salfeti ya alumini au salfa, na kungoja udongo urudie hali yake kabla ya kupanda.

Viraka hivyo vina habari kwa mwanahistoria pia. Ardhi kubwa ya Wakipsigis iliyozunguka Kericho ilitwaliwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya ishirini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu yake ilitengewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wakajaribu kulima kitani, nao hawakufaulu. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaanzisha mashamba makubwa ya chai. Wenyeji walioondolewa waliacha nyuma makao yao, na udongo ukayahifadhi. Vitabu vya mafunzo, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, viliviita viraka hivyo kwa jina lenye maana ya mahali pa kibanda. Kiswahili kina neno lililo bora kuliko hilo, nalo ni mahame: mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa. Neno hilo hutaja udongo na hutaja waliohama kwa pamoja. Tutalirudia mwishoni.

Amani na somo la mnyororo

Ili kufahamu jinsi sayansi ya udongo ilivyoingia nchi zetu, inatupasa kwanza kutoka Kericho na kwenda Amani, katika milima ya Usambara. Huko Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na Waingereza wakakifufua katika miaka ya 1920 kiwe kituo cha kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Mkemia wake wa udongo, Geoffrey Milne, alitoa mwaka 1935 fikra ambayo hadi leo hufundishwa duniani kote. Alionyesha kwamba udongo wa mlimani haupaswi kutazamwa kipande kimoja kimoja. Kutoka kileleni hadi bondeni aina za udongo hufuatana kwa utaratibu, kila moja ikipokea maji na chembechembe za ile iliyo juu yake. Mfuatano huo aliupa jina la Kilatini, katena, yaani mnyororo. Mwaka uliofuata ilitolewa ramani ya kwanza ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki.

Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba mnyororo huo ulikuwa tayari una majina. Wasukuma, ambao Milne alipita nchini kwao katika safari yake ya mwaka 1935 na 1936, huuita luseni udongo wa kichanga wa miinuko, itogolo ule mgumu wa chini ya mteremko, na mbuga ule mweusi wa bondeni upasukao wakati wa kiangazi. Neno mbuga lenyewe likaingia katika maandishi ya wataalamu wa Afrika Mashariki kuwa istilahi. Basi mkulima hakuwa mjinga wa udongo wake. Alikosa maabara, lakini hakukosa maneno.

Milne alifariki mwaka 1942. Miaka michache baadaye kazi ya Amani ilihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi.

Nani aliruhusiwa kusoma?

Katika miaka hiyo hiyo nafasi za mafunzo ziligawanywa kwa rangi. Shule ya Egerton kule Njoro ilianzishwa na Lord Egerton mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa walowezi wakulima. Ikawa chuo cha kilimo mwaka 1950, lakini Mwafrika hakupokelewa humo hadi mwisho wa utawala wa kikoloni ulipokaribia. Mwafrika aliyetaka elimu ya juu ya kilimo alikwenda Makerere, nao waliobahatika walikuwa wachache. Wengine walipata mafunzo ya uelekezaji katika shule kama Bukura, wakarudi vijijini kusimamia amri za serikali.

Na amri zenyewe zilihusu udongo. Tangu mwisho wa miaka ya 1930 serikali ya Kenya ilikuwa na idara ya kuhifadhi udongo, na watu walilazimishwa kuchimba matuta. Mkulima aliambiwa achimbe. Hakuelezwa kwa nini. Matokeo yake ni kwamba katika sehemu nyingi hifadhi ya udongo ilihesabiwa kuwa adhabu, na mwaka 1947 upinzani wa wazi ulizuka Murang'a. Hapo twaona wazi kwamba kuamrisha si kufundisha. Kadhalika mwenyeji wa Kericho hakuruhusiwa kupanda chai shambani mwake. Mlango huo ulifunguliwa polepole katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mpaka hapo Mkipsigis aliujua mchai kama kibarua: aliuchuma, aliupalilia, lakini elimu ya kwa nini umestawi hapa na kufa pale haikuwa yake.

Taasisi ya Kericho

Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki ilianzishwa Kericho mwaka 1951. Kazi yake ilikuwa kutafiti kwa niaba ya Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo iligeuka kuwa shule ya kazini ya mameneja wa mashamba na maofisa wa kilimo. Walijifunza jinsi ya kuchukua sampuli za udongo, kupima tindikali na kukadiria mbolea. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, taasisi hiyo ilifanywa mwaka 1980 kuwa shirika la utafiti wa chai la Kenya. Na mwaka 2014 ikaunganishwa na taasisi nyingine za utafiti wa kilimo na mifugo chini ya KALRO.

Kazi mbili zilizofanyika Kericho zastahili kutajwa. Ya kwanza ilianza mwisho wa miaka ya 1950 chini ya wataalamu wa Muguga wakiongozwa na H. C. Pereira. Waliteua bonde la kijito cha Sambret, lenye yapata hekta 700, na lile la Lagan, katika msitu wa Mau Kusini-Magharibi. Sehemu ya Sambret ilikatwa msitu ikapandwa chai. Lagan ikaachwa kama ilivyo. Maji yaliyotiririka yakapimwa miaka na miaka. Ilidhihirika kwamba wakati wa kufyeka ndio wa hatari kwa udongo, na kwamba chai iliyokwisha kukomaa na kufunika ardhi, ikitunzwa kwa uangalifu, haikuleta mabadiliko makubwa katika jumla ya maji ya mto.

Ya pili ni ya Caleb Othieno, mwanasayansi Mwafrika aliyepima katika miaka ya 1970 udongo uliochukuliwa na mvua katika mashamba ya chai changa. Alionyesha kwamba ardhi iliyoachwa wazi kati ya mistari hupoteza udongo mwingi kuliko iliyotandazwa nyasi, na kwamba hasara hupungua kadiri michai inavyotanda. Othieno aliwahi kuwa mkurugenzi wa shirika hilo, kisha akafundisha sayansi ya udongo katika Chuo Kikuu cha Moi. Maisha yake ya kazi yanaonyesha umbali uliotembewa katika kizazi kimoja: kutoka zama ambapo Mwafrika alikuwa mbeba sampuli, hadi alipokuwa mwalimu wa waalimu.

Vyuo vilifunguka vilevile. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata kitivo cha kilimo mwaka 1970. Kule Kabete, mradi wa kupima udongo wa nchi nzima ulianzishwa mwaka 1972 kwa msaada wa Uholanzi, na ramani yake ikatolewa mwaka 1982. Katika miaka hiyo wanafunzi wa Kiholanzi kutoka Wageningen walikuja Kisii, jirani kabisa na Sotik, kujifunza kuchunguza udongo kwa kuchimba na kuandika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini yafaa tujiulize ni wenyeji wangapi waliochungulia ndani ya mashimo yale na kuelezwa yaliyoonekana.

Mkulima mdogo na shule ya shambani

Shirika la KTDA lilianzishwa mwaka 1964 kuhudumia wakulima wadogo wa chai, na viwanda vikaenea hadi Kapkoros, Mogogosiek, Kapset na Tirgaga katika Bomet. Mkulima alipewa miche, mbolea na maagizo. Mbolea ya NPK 26:5:5 aliijua kwa namba zake kama ajuavyo jina la jirani. Lakini namba hizo zasema nini? Kwamba katika kila kilo 100 mna kilo 26 za nitrojeni. Na kwamba nitrojeni ya namna hiyo, ikitiwa mwaka hadi mwaka, huuongezea udongo tindikali. Mkulima asiyeelezwa hayo hawezi kujua ni kwa nini mahindi yaliyopandwa kando ya chai yake, yasiyoipenda tindikali kama mchai, yanazidi kudhoofika.

Mabadiliko yalianza mwaka 2006, KTDA iliposhirikiana na kampuni ya Unilever kujaribu mafunzo ya shule za shambani, mtindo uliobuniwa Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga. Humo wakulima hukutana shambani mwa mmoja wao, hulinganisha vipande vya ardhi vilivyotunzwa kwa njia mbalimbali, hupima, na kujadiliana wenyewe. Mtindo huu haumwezekani mwalimu asiyezungumza lugha ya wanafunzi wake, maana majadiliano ndiyo somo.

Suala la lugha

Hapa ndipo tulipokusudia kufika. Kikipsigis kina imbaret kwa shamba na emet kwa nchi. Kiswahili nacho kina hazina kubwa: udongo, ardhi, mfinyanzi, kichanga, tifutifu, mboji, rutuba. Neno rutuba lilitoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni unyevu. Waswahili wakalipa maana ya uwezo wa udongo wa kuzalisha, kwa kuwa waliona kwamba pasipo unyevu hapana uzazi. Neno mfinyanzi latukumbusha kuwa aina hiyo ya udongo ilijulikana kwanza kwa mikono ya wafinyanzi. Lugha yenye maneno kama hayo haiwezi kuambiwa haifai kwa sayansi.

Kinachokosekana ni mpangilio. Huko Tanzania, BAKITA iliundwa mwaka 1967, na TUKI ikatoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Sayansi ya udongo yastahili kazi ya namna hiyo hiyo, na wakati wake umewadia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, na mwaka 2017 kilianzishwa chuo kishiriki cha Moi katika Bomet yenyewe. Kwa mara ya kwanza kijana wa Longisa au Mogogosiek aweza kuisoma elimu ya juu bila kuihama nchi ya chai. Je, akihitimu ataweza kumweleza mamaye cheti cha maabara kinasema nini?

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba nafasi za kujifunza habari za udongo zilitoka kwa walowezi, zikafika kwa mameneja, kwa maofisa wa kilimo, na hatimaye kwa mkulima mwenyewe. Na kwamba kila hatua ilidai lugha iliyo karibu zaidi na shamba. Tunapendekeza idara za lugha na idara za kilimo zikutane na kuandaa istilahi za udongo kwa Kiswahili, zikianza na maneno ambayo wakulima tayari wanayo, kabla ya kuazima ya wengine.

Na kazi hiyo ianze na neno mahame. Mtaalamu mgeni akikuta kiraka cha chai iliyokufa hupeleka udongo maabara na kungoja majibu. Mzee wa Kipsigis ambaye babake alizaliwa hapo angeweza kumjibu papo hapo, kama angeulizwa, na kama angeulizwa kwa lugha anayoijua.