Uzio wa Mandera na Wale Ambao Hawakuulizwa

Kabla nguzo ya kwanza ya zege haijasimamishwa Mandera, kaskazini mwa Kenya palikuwa pamekwisha kuzungushiwa ukuta kwa miaka 65, ila huo ulikuwa wa sheria na vibali, haukuwa wa seng'enge. Ndiyo maana mjadala uliozuka mwaka 2015, serikali ilipotangaza kwamba itajenga kizuizi mpakani mwa Somalia, ulianza katikati ya habari. Nairobi ilizungumza kana kwamba wazo la kuutenga upande ule ni jipya na halijawahi kujaribiwa. Lilikuwa limejaribiwa kwa namna nyingi, na matokeo yake yako katika kumbukumbu za serikali yenyewe. Na katika majaribio yote hayo, maoni yaliyobeba uzito yalikuwa ya watu wanaoishi mbali na mpaka.

Mpaka wenyewe una umri mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Hadi 1925 Kismayu na Jubaland yote vilihesabiwa sehemu ya Kenya ya Mwingereza. Mwaka huo London iliikabidhi Italia eneo hilo, kutimiza ahadi iliyotolewa ili Italia ijiunge na upande wake katika Vita Vikuu vya Kwanza. Sehemu kubwa ya mstari mpya ilinyooka kama ilivyochorwa kwenye ramani, bila kujali visima wala njia za ngamia, na koo zilizokuwa zikichunga pamoja zikajikuta chini ya bendera mbili. Lakini Mwingereza hakuhangaika sana na mstari huo. Kilichomshughulisha ni kuwazuia Wasomali na mifugo yao wasiteremke kusini, kwenye ardhi ya walowezi. Sheria ya 1926 iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, asiingie wala kutoka mtu bila kibali, na ile ya 1934 ikaongeza mamlaka ya maafisa juu ya makabila yaliyotajwa kuwa korofi. Ukuta uliokuwa na nguvu, basi, ulikuwa ndani ya Kenya, si mpakani. Wasafiri wa Garissa na Wajir waliofunga safari ya Nairobi walizoea kusema wanakwenda Kenya, na hawakuwa wakifanya mzaha.

Mara moja tu watu wa huko waliulizwa rasmi wanautakaje mpaka. Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mwanasheria kutoka Nigeria na jenerali kutoka Kanada, wakasikiliza maoni katika wilaya za kaskazini. Tume iliripoti kwamba Wasomali, karibu kwa sauti moja, pamoja na baadhi ya jirani zao, walitaka kujitenga na Kenya ili waungane na Somalia. Machi 1963 Uingereza ikatangaza kwamba eneo la Wasomali litakuwa jimbo la saba la Kenya. Mogadishu ikavunja uhusiano wa kibalozi na London, na Wasomali wengi wakasusia uchaguzi wa Mei. Msomaji anaweza kupinga kwamba swali la 1962 lilihusu kujitenga, halikuhusu uzio, na kwamba hakuna taifa changa ambalo lingekubali kumegwa. Ni kweli, na mkutano wa wakuu wa Afrika uliofanyika Cairo mwaka 1964 uliafiki mipaka ya kikoloni ibaki ilivyo. Hata hivyo, kukataa ombi la watu ni jambo moja, na kuwahesabu kuwa washukiwa kwa sababu waliliomba ni jingine. Kenya ilifanya yote mawili.

Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, wiki mbili baada ya uhuru, na haikuondolewa hadi 1991. Wakati wa vita vya Shifta, uasi wa Wasomali waliotaka kujitenga, wafugaji walisombwa wakaingizwa katika vijiji vya lazima vilivyolindwa na askari, na Waborana wa Isiolo, ambao si Wasomali, walipoteza sehemu kubwa ya mifugo yao. Vita vilikwisha kwa makubaliano ya 1967 yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, lakini sheria zake zilibaki. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Mwaka 1989 kila Msomali wa Kenya aliamriwa ajiandikishe upya na kuthibitisha uraia wake. Hatua zote hizi zilielezwa kuwa za usalama. Kama kumtenga mtu wa kaskazini kungeleta usalama, basi Mandera ingekuwa mji salama kuliko yote Kenya.

Wanaoutetea uzio hawakosi hoja, na ni kosa kuwadharau. Shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013 liliua watu 67. Mwishoni mwa 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na siku kumi baadaye wachimba mawe 36. Aprili 2015 wakafa 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mzazi aliyempoteza mtoto hana sababu ya kusomewa historia ya 1925. Wanatoa pia mfano wa Israel, ambayo ilipomaliza uzio wake mpakani mwa Misri mwaka 2013 ilipunguza wahamiaji waliovuka Sinai kutoka maelfu kwa mwaka hadi makumi. Lakini uzio ule ulilenga wahamiaji wasio na silaha, unalindwa muda wote, na uliambatana na sheria kali dhidi ya waliokwisha kuingia. Tena, mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa Mkenya aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Kaunti ya Mandera. Hakuna seng'enge ambayo ingemzuia mtu aliyekwisha kuwa ndani. Siku chache baada ya mauaji hayo, naibu rais William Ruto alitaka kambi ya wakimbizi ya Dadaab ihamishwe ndani ya miezi mitatu. Huko nako walengwa walikuwa wakimbizi waliohesabika, si wapiganaji waliojificha.

Mpaka una urefu wa karibu kilomita 680. Kufikia 2019 zilikuwa zimejengwa takriban kilomita 10 karibu na mji wa Mandera, kwa shilingi bilioni 3.4. Ng'ambo, wakazi wa Bula Hawa waliandamana wakisema uzio umeingia katika ardhi yao. Bunge la Kenya nalo lilisimamisha kazi mwaka huo, na kilichowasukuma wabunge kilikuwa hesabu ya shilingi milioni 340 kwa kilomita. Swali la jamaa waliogawanywa, au la mchuuzi wa Mandera anayetegemea soko la Bula Hawa, halikuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Mei 2023 mawaziri wa nchi mbili walikubaliana Nairobi kufungua tena kwa awamu vituo vya mpaka vilivyokuwa vimefungwa, wakianza na cha Mandera. Mwezi Julai, baada ya mashambulio mapya, waziri Kithure Kindiki akatangaza kwamba ufunguzi umeahirishwa.