Wafahamu mafundi wa Kimakonde walioanzisha mtindo wa 'Shetani'

Kinyago kina jicho moja, mdomo umekaa upande na mguu umeota pale ulipotakiwa kuwa mkono. Ukikikuta dukani unaweza kudhani fundi amekosea. Hapana, hajakosea. Huo ni mtindo wa Shetani, na walioubuni wana majina.

Walitoka wapi?

Wengi walikuwa Wamakonde wa Msumbiji waliovuka Mto Ruvuma kutafuta vibarua. Walifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Mtwara, na wengine wakasogea hadi Dar es Salaam. Wakati huo wateja walipenda vinyago vya 'Binadamu', yaani mzee na mkongojo wake au mama na mtungi. Kila kiungo kilikaa mahali pake.

Samaki Likankoa

Huyu ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi, miaka ya 1950. Inasimuliwa kuwa kinyago chake kilivunjika mkono. Hakukitupa. Alikichonga upya kikawa kiumbe cha ajabu, akampelekea mfanyabiashara Mohamed Peera, Dar es Salaam. Peera alikipenda, akaagiza vingine.

Roberto Jacobo

Yeye anahusishwa na mtindo wa 'Ujamaa', ile nguzo ya watu waliobebana kutoka chini hadi juu, wote kwenye gogo moja.

George Lilanga

Alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, kusini mwa Tanzania. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kuingia Nyumba ya Sanaa jijini Dar. Lilanga aliyatoa mashetani kwenye mti akayapaka rangi kali kwenye picha. Alifariki mwaka 2005, kazi zake zikiwa zimeshafika Ulaya, Marekani na Japani.

Italia nao walivunja sheria

Mwaka 1981 mjini Milan, Ettore Sottsass na wabunifu wenzake walionyesha samani za kundi lao, Memphis. Rafu yake ya Carlton ina mbao zilizoinama huku na huku, na rangi zinazopigana. Wapo waliosema ni mzaha, lakini leo iko kwenye majumba ya makumbusho.

Tofauti ni hii: kila samani ya Memphis inajulikana ilibuniwa na nani. Vinyago vyetu vingi vinauzwa bila jina la aliyevichonga.

Na mti je?

Mpingo hukua taratibu mno, huchukua miongo mingi hadi kufaa kuvunwa. Ni mti huohuo unaotengenezea klarineti huko Ulaya. Kilwa ni moja ya sehemu unakopatikana, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Maana yake wanakijiji wanavuna kwa mpango, na hela inabaki kijijini.

Kwa hiyo siku ukinunua kinyago, uliza maswali mawili: amechonga nani, na mti umetoka wapi?