Yasmini baada ya Denge

Wengi wetu tuliosoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita tulikutana na Vuta N'kuvute kwenye daftari kabla ya kuifungua riwaya yenyewe. Dhamira, wahusika, migogoro. Denge: mwanamapinduzi. Yasmini: msichana wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mzee. Mtihani ukapita, nikavigawa vitabu.

Filamu ya Amil Shivji ilitoka mwaka 2021. Niliitazama baadaye sana, nikiwa likizo Uchindile. Huku milimani, ambako treni ya TAZARA hupita, hakuna ukumbi wa sinema. Tuliwasha laptopu jikoni, karibu na moto kwa sababu ya baridi. Mama mdogo, ambaye hakuwahi kuisoma riwaya, alisogeza kigoda.

Dakika 92. Kilichonishika ni sauti. Mwajuma, ambaye kwenye daftari langu alikuwa "rafiki wa Yasmini" tu, amechezwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, na ghafla nikaelewa kwa nini msichana aliyekataliwa na ndugu zake angeona nyumba ya mwanamke huyu ni salama kuliko kwao. Kuvuka kwenda kwa Mwafrika, Unguja ya miaka ya 1950 ambapo mkoloni aliwahesabu watu kwa makabila na rangi, kulikuwa siasa tayari, hata kabla hajashika karatasi yoyote ya Denge.

Ilipokwisha, mama mdogo akauliza, "Sasa huyu binti aliishia wapi?"

Niliazima riwaya kwa mwalimu mmoja pale kijijini. Shafi Adam Shafi anaendelea pale ambapo mapenzi ya Denge na Yasmini hayawezi tena kuendelea. Denge anatoroka nchi. Yasmini anabaki, na mwishowe anaolewa na Bukheti, mwanamume aliyejuana naye Mombasa. Zamani niliona mwisho huo umepoa. Shujaa yuko ng'ambo, halafu harusi?

Lakini riwaya ilichapishwa mwaka 1999. Mwandishi aliyaona Mapinduzi ya 1964, na baada ya Karume kuuawa mwaka 1972 akawekwa kizuizini. Mambo ya gerezani yakaja kuzaa Haini. Mtu wa namna hiyo anajua kilichowapata vijana wengi waliogawa makaratasi usiku. Sidhani aliishiwa na hadithi. Nadhani alikataa kumfanya Yasmini awe mjane wa historia ya mwanamume.

Filamu inawapenda wale wawili wakiwa pamoja, na inawapiga picha vizuri mno: vichochoro, bahari, vivuli vya mchana. Haina nafasi ya miaka ya upweke. Simlaumu Shivji, ingawa ningempa dakika ishirini zaidi.

Nilimsomea mama mdogo kurasa za mwisho kwa sauti. Alisikiliza huku akichochea kuni.

"Amefanya vizuri," akasema. "Angemngoja mpaka lini?"

Kisha akaniomba nianze kitabu kutoka mwanzo.