Kimya Kitunzwacho: Siku Moja Katika Mahekalu ya Kyoto

Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi ya kutaja hali ya mahali pasiposikika sauti, wala maneno hayo si mamoja. Kimya ni kunyamaza kwao waliopo. Utulivu ni hali ya moyo, au ya bahari iliyokwisha kutua. Upweke ni hali yake aliye peke yake. Ukiwa ni hali ya mahali palipoachwa, na mahali penyewe, watu wakiisha kuhama, huitwa mahame. Asimamaye penye kimya na asimamaye penye ukiwa, masikio yao huweza kupata jambo lile lile. Lakini kimya kina wenyewe, na ukiwa hauna mwenyewe.

Twapenda kuieleza tofauti hiyo kwa habari za mji wa mbali, yaani Kyoto katika nchi ya Japani. Mahekalu ya dini ya Budha yaliyoko huko, na bustani zake, yamesifiwa mno kwa utulivu, na wengi waendao kuyatazama husema kwamba utulivu huo umesalia tangu zamani pasipo kuguswa. Historia haikubaliani nao. Kimya cha Kyoto kimevunjwa mara nyingi, nacho kimerudishwa kila mara kwa mikono ya watu. Tena mikono mingine katika hiyo ilidharauliwa.

Mji huo ulijengwa mwaka 794 uwe makao ya Mfalme Mkuu wa Japani, ukadumu hivyo muda upitao miaka 1,000, hata serikali mpya iliposimama mwaka 1868, na mwaka uliofuata Mfalme akahamia Tokyo. Dini ya Budha ilikuwa imekwisha kuingia nchini kutoka Korea katika karne ya 6. Madhehebu yaitwayo Zen yalitiwa nguvu na mtawa Eisai, aliyerudi kutoka China mwaka 1191, akaanzisha hekalu la Kennin-ji mjini Kyoto mwaka 1202. Neno lenyewe limesafiri sana: katika Kisanskriti ni dhyana, katika Kichina likawa chan, na Wajapani wakalitamka zen, maana yake ni kutafakari. Mtawa mwingine, Muso Soseki, aliyeishi tangu 1275 hata 1351, ndiye ajulikanaye kuliko wote kwa bustani za hekalu. Mwaka 1339 aliitengeneza upya Saiho-ji, na mwaka huo huo akawa mkuu wa kwanza wa Tenryu-ji, hekalu lililojengwa kwa ajili ya kutuliza roho ya Mfalme Go-Daigo, aliyefariki uhamishoni milimani.

Na sasa tumfuate msafiri mmoja aendaye peke yake, tangu alfajiri hata jioni, tuone ni nini kilicho chini ya kimya akionacho.

Asubuhi aanza chini ya milima ya mashariki, katika uwanja wa Nanzen-ji. Nyumba hii ilikuwa jumba la Mfalme Kameyama, naye aliigeuza kuwa hekalu mwaka 1291. Lango kubwa la mbao asimamalo mbele yake ni la mwaka 1628. Lilijengwa kuwakumbuka askari waliokufa katika vita vya ngome ya Osaka vilivyomalizika mwaka 1615. Nyuma ya misonobari yaonekana matao ya matofali mekundu, na juu yake maji yapita. Ni sehemu ya mfereji uletao maji ya ziwa la Biwa mjini. Matao hayo yalimalizika mwaka 1888, na mfereji mwaka 1890, wakati mji ulipokuwa umepoteza Mfalme wake na kutafuta riziki mpya. Wakati huo mahekalu nayo yalikuwa katika taabu. Mwaka 1868 serikali ilitenga ibada za Budha na ibada za miungu ya nchi, na mahali pengi watu wakavunja sanamu na kuchoma vitabu. Mwaka 1871 mahekalu yakanyang'anywa mashamba yao. Mfereji ule, basi, wapita katika uwanja wa hekalu lililokwisha kudhoofishwa.

Kutoka hapo msafiri hufika Eikan-do. Humo mna sanamu ndogo ya Amida, Budha wa rehema, ambayo uso wake haukuelekea mbele: wageuka kushoto, watazama nyuma ya bega. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1082 mtawa Eikan alikuwa akizunguka madhabahu huku akilitaja jina la Amida. Sanamu ikashuka ikamtangulia, naye akasimama kwa mshangao, ndipo ikageuka kumngojea. Hatuna haja ya kuamua habari hiyo ili kufahamu kwa nini imependwa. Yasema kwamba aliyetangulia humtazama aliyechelewa.

Njia ya miguu yaendelea kaskazini kando ya mkono mmoja wa mfereji ule, kadiri ya kilometa 2. Yaitwa Njia ya Mwanafalsafa, kwa sababu mwalimu Nishida Kitaro, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa akitembea huko akifikiri. Mbali kidogo na njia, miti ikiwa imesongana, pana Honen-in, hekalu dogo lenye lango la paa la nyasi. Aingiaye hupita kati ya matuta mawili ya mchanga mweupe, mapana kama vitanda, na kupita hapo ni mfano wa kutawadha kwa maji. Juu ya matuta hayo huchorwa mawimbi, au jani, au ua, kwa kadiri ya majira ya mwaka. Mvua ikinyesha michoro huharibika. Mtu huja na reki, akachora tena.

Mwisho wa njia ni Ginkaku-ji, na hapa yatupasa kukaa zaidi, maana hapa kimya na ukiwa vilikutana. Mwenye kuijenga alikuwa Ashikaga Yoshimasa, shogun, yaani jemadari mkuu aliyetawala nchi kwa jina la Mfalme. Mwaka 1461 njaa kali iliua watu wengi mno mjini, na shogun alishughulikia majumba yake, hata Mfalme Go-Hanazono akamwonya kwa shairi. Mwaka 1467 vita vilitokea kati ya nyumba ya Hosokawa na nyumba ya Yamana, vikaendelea mpaka 1477. Vita hivyo, viitwavyo vya Onin, vilipiganwa katika njia za mji wenyewe. Mahekalu kwa majumba yakateketea. Nanzen-ji iliungua, na Tenryu-ji pia. Yoshimasa hakuwa na nguvu ya kuvizuia. Mwaka 1482 alianza kujijengea nyumba ya kupumzikia chini ya milima ya mashariki, kwa kodi na kazi za lazima zilizowaelemea watu waliokwisha kufukarika. Alifariki mwaka 1490, na nyumba ikawa hekalu. Jina lake maana yake ni Banda la Fedha, lakini fedha haikubandikwa kamwe. Mbao zake ni tupu, na mbele yake pana mchanga uliopangwa kama uwanda wa mawimbi, na kilima cha mchanga kilichokatwa kichwa.

Ni nani aliyemfanyia Yoshimasa bustani zake? Mpendwa wake katika kazi hiyo alikuwa mzee aitwaye Zen'ami, naye alikuwa mmoja wa kawaramono. Neno hilo maana yake ni watu wa ufuoni mwa mto. Walikaa penye mchanga wa mto, ambapo kodi haikutozwa. Walichuna ngozi za wanyama na kuzika maiti, na kwa hiyo walihesabiwa kuwa najisi. Hao ndio waliochimba, waliobeba mawe, waliopanda miti, na kwa kuzoea wakapita mabwana zao kwa ujuzi. Mjukuu wa Zen'ami, jina lake Matashiro, alizungumza na mtawa mmoja mwaka 1489, na mtawa akaandika maneno yake katika kitabu chake cha siku. Matashiro alisema kuwa ahuzunika kuzaliwa katika nyumba ya wachinjaji. Kwa hiyo ameapa asiue kitu chenye uhai, wala asitamani mali. Mtawa yule alistaajabu, akaona ya kwamba mtu huyo wa ufuoni ni bora kuliko watawa wengi. Sisi tusomao leo twaona jambo jingine pia: aliyetengeneza mahali pa kutulizia nafsi za wakubwa, nafsi yake mwenyewe ilikuwa imefundishwa kujionea haya.

Baada ya adhuhuri msafiri huvuka mji kwenda upande wa kaskazini magharibi. Huko ni Daitoku-ji, ambayo si hekalu moja tu, bali ni mtaa wa mahekalu madogo zaidi ya 20, kila moja na ukuta wake, na mengi malango yake hufungwa. Nayo iliungua katika vita vya Onin. Mwaka 1474 mtawa Ikkyu, ambaye umri wake ulikuwa miaka 80, aliwekwa kuwa mkuu wake; akaijenga tena kwa msaada wa matajiri wa bandari ya Sakai. Katika Daisen-in, iliyoanzishwa mwaka 1509, kuna bustani ya mawe na changarawe pasipo maji: changarawe hutoka penye mawe marefu yaliyo mfano wa mlima, hushuka kama mto, hupita chini ya daraja la jiwe, hata hufika uwanja mtupu ulio kama bahari. Wajapani huiita namna hii kwa neno ambalo maana yake ni milima na maji makavu.

Hatujui kama msafiri huyo atakumbuka ya kuwa mji ule ulikaa katika hali ya kuharibika muda mrefu. Mmisionari Francis Xavier aliufikia mwanzo wa mwaka 1551, akitumaini kumwona Mfalme. Hakupokewa, akakaa siku 11, akaondoka. Xavier huyo alikuwa amepita pwani yetu mwaka 1542, na huko Malindi mzee mmoja wa mji alimlalamikia kuwa misikiti ni 17, nayo iliyohudhuriwa ilikuwa 3 tu. Basi mtu mmoja aliona nyumba za ibada zilizoachwa kwa kupoa kwa mioyo, na mji wa mahekalu ulioharibiwa kwa moto wa vita. Yote mawili ni ukiwa.

Jioni ikikaribia, msafiri hufika Ryoan-ji. Hosokawa Katsumoto, aliyekuwa kiongozi wa upande mmoja katika vita vya Onin, alianzisha hekalu hili mwaka 1450; likaungua katika vita vyake mwenyewe. Mbele ya baraza pana uwanja wa changarawe nyeupe, urefu wake kadiri ya meta 25 na upana kadiri ya meta 10, na ndani yake mawe 15 katika mafungu 5. Aketiye barazani, popote aketipo, hayaoni yote 15 kwa mara moja; daima moja hujificha. Wataalamu wamebishana sana juu ya maana ya mawe hayo na juu ya aliyeyapanga. Lakini nyuma ya jiwe mojawapo yamechongwa majina mawili, na moja husomeka Kotaro. Ni majina ya namna ya watu wa kazi, pasipo cheo wala ukoo. Yamewekwa upande ule ambao mgeni hawezi kuuona.

Liko jambo moja zaidi, la zamani za karibu. Mwaka 1945 majemadari wa Marekani waliuandika mji wa Kyoto katika orodha ya miji itakayopigwa kwa bomu la atomu. Waziri wa Vita, Henry Stimson, aliyekuwa ameutembelea mji huo zamani, aliufuta. Katika mwezi wa Julai jina la Nagasaki likaingizwa katika orodha, na tarehe 9 Agosti Nagasaki ilipigwa, na kanisa kuu la Urakami likabomoka juu ya waumini waliokuwamo wakijiandaa kuungama. Hatusemi kuwa watu wa Kyoto walikuwa na hatia katika jambo hilo. Twasema tu ya kwamba aketiye barazani pa Ryoan-ji akifurahia kimya, akumbuke kuwa kimya hicho kiliachiliwa, na kwamba mahali pengine hakikuachiliwa.

Wala hatari haijaisha. Mwaka 1994 mahali 17 pa Kyoto na miji ya jirani paliandikwa katika urithi wa dunia, na wageni wameongezeka mno. Saiho-ji, ambayo bustani yake imefunikwa na kuvumwani, yale majani mororo ya kijani yashikayo mawe penye unyevu, iliona hasara ya miguu mingi, na tangu mwaka 1977 hupokea wale tu walioomba ruhusa mbele. Kwa kawaida mgeni hupewa kwanza maneno ya kitabu cha dini ayanakili au ayafuatishe kwa kalamu, ndipo aonyeshwe bustani. Huko vijijini hali ni kinyume: mahekalu mengi hayana tena mtawa akaaye humo, na majani yaota mlangoni. Mjini kimya chaharibiwa na wengi waingiao. Vijijini chageuka kuwa ukiwa kwa kukosa mtunzaji.

Wahenga wetu husema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya cha Kyoto ni wa reki juu ya changarawe, ufagio juu ya majani, na mawe yaliyokokotwa na watu wa ufuoni. Watawa wa Zen huhesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya ibada, si matayarisho ya ibada. Kwa hiyo waalimu wakiulizwa na wanafunzi wao tofauti ya kimya na ukiwa, twaona jawabu lifaalo ni hili: ukiwa huja wenyewe, watu wakiondoka, kimya hakiji mpaka mtu ameamka mapema akafagia.